Usingizi wa Mtangazaji

Ilikuwa saa tano kasoro asubuhi, katikati ya wiki, Kipaza alipowaomba abiria wote wa stesheni wakae chini wapumzike.

Hakukusudia. Alibonyeza kitufe kama alivyokuwa akikibonyeza kwa miaka kumi na tisa, kengele ndogo ikalia mara mbili kwenye spika, akasogeza mdomo. Alichotakiwa kusema ni kwamba treni ya saa tano na robo ingeingia jukwaa la pili. Alichosema, kwa ile sauti yake laini isiyo na papara, ni hiki: "Abiria wapendwa, mnaombwa mkae chini. Mmechoka. Pumzikeni kidogo." Akaachia kitufe, akalaza shavu juu ya daftari la ratiba, akafumba macho.

Ajabu ni kwamba watu walikaa. Mwanamume mmoja mwenye koti alikalia sanduku lake. Mama aliyebeba mtoto mgongoni alimfungua, akampakata. Wapagazi waliacha mikokoteni yao, wakaketi ukingoni mwa jukwaa, miguu ikining'inia juu ya reli. Kwa dakika tatu nzima stesheni ilitulia kama maji ya mtungini. Mwanga ulishuka kutoka madirisha ya juu, vumbi likaelea ndani yake polepole, na hakuna aliyeuliza kitu.

Kisha mlango wa chumba cha matangazo ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa mkuu wa stesheni, kofia mkononi, anahema.

"Kipaza! Umewafanya nini watu wangu?"

"Nimewatangazia treni ya saa tano na robo."

"Umewaambia wapumzike!"

Kipaza aliinua kichwa. Alama ya waya wa daftari ilikuwa imejichora shavuni. "Wamepumzika?"

Mkuu wa stesheni alichungulia kwenye kioo. "Wamepumzika," alisema kwa huzuni. "Mpaka wapagazi." Akanyakua kipaza sauti akatangaza mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza, mtu angedhani anagombana na spika. Alipomaliza alivuta kiti, akakaa karibu naye. Alikuwa mtu mpole aliyebakiza miaka miwili tu astaafu, na hakupenda kabisa kumkaripia mtu.

"Mama," alisema, "leo usiende nyumbani kulala. Nenda hospitali. Na ukifika huko usiondoke mpaka waone kitu."

"Nimeshakwenda mara ngapi?"

"Nenda tena."

Jina la Kipaza alipewa na wapagazi, mwaka wake wa kwanza kazini, likamganda mpaka hata kwenye karatasi ya zamu liliandikwa hivyo hivyo. Sauti yake ilikuwa na sifa. Watu waliochelewa treni walisema kwamba ukiambiwa na yeye kuwa umeachwa, huumii sana. Marehemu mumewe, aliyekuwa mkaguzi wa reli, alitembea juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, kutwa nzima na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga chuma na kukisikiliza kama kina ufa, na alikuwa akisema kwamba yeye na mkewe wanafanya kazi moja, mmoja anasikiliza na mwingine anasema. Moyo wake ulisimama ghafla, asubuhi moja, miaka minne iliyopita. Dada wa marehemu, mshona nguo, alikuja msibani na begi moja na cherehani, akabaki. Majirani walisubiri kwa hamu kuona mawifi wawili wakigombana ndani ya nyumba moja. Waligombana kweli, lakini kwa mambo ya msingi tu, kama vile nani kauchukua mkasi.

Uchovu ulianza kama mgeni anayekaa karibu na mlango. Mwanzoni Kipaza aliuona baada ya kazi tu, akiwa anavua viatu. Baadaye ukahamia asubuhi. Aliamka na mwili mzito, mifupa ya mapaja ikimuuma kwa ndani kabisa, mahali ambapo hata wifi yake akimkanda mkono haufiki. Kiu ikaja. Alikunywa jagi zima la maji kabla ya saa nne, na kwa sababu hiyo akawa wa kwenda chooni kila mara, hata wapagazi wakaanza kumtania kwamba ana treni yake ya siri huko nyuma. Choo chenyewe, kile kikubwa, kiligoma kwa siku nne, siku tano. Chakula kikawa hakina ladha. Na kichwani ukaingia ukungu.

Huo ukungu ndio uliokuwa mgumu kuueleza. Haukuwa maumivu. Ilikuwa kama mtu amefunika kila kitu kwa chandarua cheupe: sauti zinafika, lakini zimelainika, maneno yanakuja, lakini yamebadilishana viti. Alimwita mkuu wa stesheni "mjomba." Aliweka sukari kwenye friji na kusimama mbele ya kabati akishangaa kwa nini kabati halina baridi. Alilia bila sababu, akaacha bila sababu.

Zahanati ya kwanza walimpa dawa za malaria. Alimaliza dozi. Ya pili walisema homa ya matumbo. Ya tatu, vidonda vya tumbo. Daktari mmoja mwenye miwani ya dhahabu hakumgusa hata kidogo, alimuuliza umri, akaambiwa arobaini na nane, akafunga faili. "Ni umri, mama. Mwili unabadilika." Mwingine alimuuliza kama ameolewa, akamwambia ni mjane, na huyo naye akafunga faili. "Unawaza sana."

"Siwazi," Kipaza alimwambia wifi yake wakiwa njiani kurudi. "Ningekuwa nawaza ningefurahi. Sina hata wazo moja."

Miezi minane kabla ya tangazo lile la kupumzika, maumivu makali yalimshika ubavuni, yakashuka kwenye kinena kama kisu kinachotafuta njia. Alitambaa sakafuni akitapika. Hospitali walikuta jiwe kwenye figo. Walimtundikia maji, wakampa dawa, jiwe likatoka lenyewe siku ya tatu, dogo kama punje ya mtama. Akaambiwa anywe maji mengi, jambo ambalo tayari alilifanya kuliko mtu yeyote mjini. Na kwa kuwa alilalamika mifupa, akaandikiwa vidonge vya kuimarisha mifupa, na wifi akaongeza maziwa, bilauri mbili asubuhi na mbili jioni, akimsimamia mpaka azimalize. Hali ikazidi kuwa mbaya. Wifi akaongeza bilauri ya tano.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo Kipaza hakumwambia daktari yeyote.

Mumewe alikuwa anakuja.

Alikuja mchana, ule usingizi ulipomkamata baada ya zamu ya asubuhi, akiwa amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni na pazia limeshushwa nusu. Haikuwa ndoto hasa. Katika ndoto za kawaida marehemu anakuwa mbali, au hana uso, au anasema mambo ya kutisha. Huyu aliingia kwa mlango, akaketi kwenye mkono wa kochi, akavua viatu. Alikuwa na vumbi la kokoto kwenye suruali. Mwanga wa pazia la manjano ulimpitia kidogo kwenye masikio. Aliongea mambo ya kawaida kabisa: reli ya upande wa mashariki imepinda kwa joto, yule fundi mwenzake bado hajarudisha koleo, je, dirisha la jikoni limefungwa? Kipaza alimjibu bila kufungua mdomo. Alihisi uzito wa mwili wake ukizama kwenye kochi, ukizama zaidi, kama mtu anayeshuka ngazi za maji ya uvuguvugu, na kule chini hakukuwa na maumivu wala kazi. Alipoamka mdomo ulikuwa mkavu na saa mbili zilikuwa zimepita.

Alimwambia wifi. Angemwambia nani tena?

Wifi aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Sindano ikasimama. "Kaka amekuja? Amesema nini?"

"Ameuliza kama dirisha la jikoni limefungwa."

Wifi alikwenda jikoni. Dirisha lilikuwa wazi. Akalifunga, akasimama pale kwa muda mrefu akiwa amempa mgongo. Tangu siku hiyo, kila Kipaza alipoamka alikuta chai imewekwa, na wifi ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. "Haya. Leo amesema nini?"

Siku ya tangazo la kupumzika, basi, wifi aliacha gauni la bibi harusi bila mkono mmoja, akamshika Kipaza kiwiko, wakaenda hospitali kubwa. Waliwekwa kwenye benchi refu la mbao kwenye korido iliyopakwa rangi ya samawati mpaka kifuani na nyeupe juu. Kipaza aliitazama samawati ile ikipanda na kushuka kama inapumua. Wakaitwa saa nane.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele, na alionekana amesahau kama amezichomeka, maana alikuwa anatafuta kalamu. Wifi alimwonyesha.

"Ahsante, shangazi. Haya mama, nieleze. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Hilo lenyewe lilimshangaza Kipaza. Alianza, akapotea, wifi akamrudisha barabarani. Kiu. Mifupa. Jiwe. "Na choo," alisema wifi, "tusikifiche choo. Huyu mtu anaweza kukaa wiki."

"Wifi!"

"Ni daktari huyu, anataka kujua."

Daktari alicheka, kisha akauliza kama wana karatasi za vipimo vya zamani. Wifi akafungua mfuko wa kitambaa aliokuwa ameushona kwa kazi hiyo, akatoa rundo. Zote zilikuwamo, kuanzia ile ya malaria. Daktari alizipanga mezani moja moja kama mtu anayetandaza nguo za mtoto, akasoma bila haraka, kidole kikishuka kwenye safu. Feni ilikuwa inazunguka. Kipaza alikuwa ameanza kuteleza kwenda zake aliposikia kidole kimesimama.

"Hii ni ya lini?"

"Ya jiwe," alisema wifi. "Miezi minane."

"Mtu wa maabara aliweka nyota hapa. Mnaiona?" Ilikuwa nyota ndogo ya wino pembeni ya namba, ndogo kama mdudu. "Kalsiamu. Imezidi. Hakuna aliyewaambia?"

Hakuna aliyewaambia. Karatasi hiyo ilikuwa imekaa kwenye mfuko wa kitambaa miezi minane na nyota yake.

"Unatumia dawa gani sasa?"

"Vidonge vya mifupa," alisema Kipaza.

"Na maziwa," alisema wifi kwa fahari. "Bilauri tano."

Daktari aliweka kalamu chini taratibu. "Shangazi, kuanzia leo vidonge hivyo acheni. Na maziwa, kikombe kimoja kwenye chai yatosha." Akavuta karatasi tupu, akachora shingo ya mtu, na ndani yake akachora kitu kama kipepeo. "Hii ni tezi ya shingo, wengi wanaijua. Sasa nyuma yake kuna tezi nyingine nne, ndogo kama punje za mchele. Zinaitwa parathiroidi. Kazi yake ni kulinda kalsiamu kwenye damu, isipungue isizidi. Wakati mwingine moja inavimba, na ikivimba haisikii tena. Inaagiza kalsiamu mchana na usiku. Itatoka wapi? Itatoka kwenye mifupa. Mifupa inauma. Damu inajaa, figo zinapata mawe, tumbo linalala, kichwa kinalala. Sijasema ndiyo wewe. Nasema nataka kupima."

Kipaza alitazama mchoro. Kwa miaka miwili alikuwa ameamini kwamba ni mvivu. Hakuwahi kulisema neno hilo kwa sauti, lakini aliliamini, hasa alipokuwa amelala kwenye kochi huku wifi yake akishona. Machozi yalimtoka, na safari hii alijua sababu.

"Hali hii yote imeanza lini?" daktari aliuliza akiandika.

"Inakaribia miaka miwili."

"Na hapa kwetu mara ya mwisho mmekuja lini?"

"Wakati wa jiwe."

"Mbona hamkurudi?"

Swali lilikuwa la kawaida, halikuwa na lawama. Lakini wifi alianza kukusanya karatasi mezani, akizipanga ambazo tayari zimepangika.

Damu ikachukuliwa. Kalsiamu ikaonekana imezidi zaidi ya ile ya mwanzo. Kipimo cha tezi yenyewe hakikuwapo hapo. Damu ilibidi isafirishwe ndani ya barafu hadi maabara ya mji mwingine. Mara ya kwanza barafu iliyeyuka njiani, wakaambiwa warudi wakatolewe nyingine. Mara ya pili majibu yalichukua wiki tatu. Mkuu wa stesheni alimhamishia kwenye dirisha la tiketi la pembeni, ambako hapakuwa na foleni, na mahali pake kwenye kipaza sauti akawa anajikwaruzia mwenyewe. Abiria walilalamika.

Mumewe aliendelea kuja. Kipaza alipomwambia kwamba huenda ana punje ya mchele iliyovimba, mume alitikisa kichwa, akasema kokoto za upande wa mto zinahitaji kuongezwa. Kipaza aligundua kwamba hajawahi kumgusa. Siku hiyo alinyoosha mkono kwenye goti lake lenye vumbi, mkono ukaenda polepole, polepole sana, na kabla haujafika akaamka.

Majibu yakaja. Daktari mwenye kalamu za nywelani alisema neno moja tu kabla ya salamu: "Ndiyo." Wifi alijaribu kulitamka jina la ugonjwa mara tatu njiani, akashindwa, akaamua kuuita "ile para."

Baada ya hapo walipelekwa kwa daktari wa upasuaji, mwanamume mrefu mwenye mikono midogo isiyolingana naye, aliyefika hospitali hiyo Jumanne mbili kwa mwezi. Picha za shingo zilikuwa zimeonyesha tezi moja, upande wa kushoto chini, imenenepa kama haragwe. Alieleza kwamba ataitoa hiyo na kuziacha tatu, kwamba wengi wanapona, kwamba mifupa itachukua mwaka au zaidi kujijenga upya. Kisha akauliza, kama wanavyouliza wote, "Unafanya kazi gani?"

"Natangaza treni."

Aliacha kuandika. "Kwa mdomo?"

"Kwa nini tena?" alisema wifi.

"Nauliza kwa sababu," alisema daktari, akigusa shingo yake mwenyewe chini ya kola, "hapa hapa unapita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Mwembamba, kama uzi. Nitauangalia, nitaukwepa. Mara nyingi hauguswi. Lakini wakati mwingine unashtuka, na sauti inakauka kwa wiki kadhaa, au miezi. Mara chache sana hairudi kama ilivyokuwa. Siwezi kukuahidi, mama. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Kipaza aliomba siku za kufikiri. Akapewa wiki mbili. Watu wote walidhani anafikiria sauti, na kweli aliifikiria. Alikwenda kwenye chumba cha matangazo kikiwa hakina mtu, akashika kipaza sauti kilichozimwa, akasema majina ya saa na majukwaa yote kwa mpangilio, kama mtu anayeaga watoto wakienda shule. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine aliyoionea aibu. Ikiwa kalsiamu hiyo ndani ya damu ndiyo inayouleta ukungu, na ukungu ndio unaomleta mumewe, je, akipona?

Hakulisema. Aliwapigia simu hospitali siku ya kumi na moja, akakubali, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa ameshuka kitandani na mkono umemuuma kwa kuvuta shuka tu.

Alasiri ya kabla ya kulazwa, mawifi walifungasha begi. Kanga mbili, kandambili, mswaki, mfuko wa karatasi. Wifi alikunja kanga ya kwanza, akaikunjua, akaikunja tena.

"Wifi," alisema. "Yule daktari mdogo aliuliza kwa nini hatukurudi."

"Alikuwa anauliza tu."

"Mimi nilijua unaumwa." Hakuinua macho. "Nilijua kuliko wewe. Nilikuona unavyokwenda, umeshika kuta. Kila Jumatatu nilijiambia, kesho nampeleka. Halafu unaamka pale kwenye kochi, unaniambia Kaka amekaa hapa, amevua viatu hapa. Nikawa nasema, acha aje mara moja tena. Mara moja tu, nimsikie." Kanga ilikuwa imekuwa kitu kidogo kabisa mikononi mwake. "Wewe unateketea, mimi nakaa na chai nasubiri habari. Hivyo ndivyo nilivyokufanyia."

Jua la alasiri lilikuwa limelala kitandani pamoja na begi. Kipaza alikaa. Alitafuta hasira, maana aliona ana haki nayo, lakini ndani ya ukungu ule hasira haikuwa na pa kusimama. Ilipita kama gari lisilosimama kwenye kituo kidogo.

"Na mimi nilikuwa nakwenda kulala mapema ili aje," alisema mwishowe. "Hata siku ambazo sikuchoka sana."

Wakatazamana. Wifi akapenga kamasi kwa nguvu kwenye kanga safi, ikabidi watafute nyingine.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na taa kubwa ya duara, kama ua lenye petali saba. Mtu wa dawa ya usingizi alimwambia ahesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Alisema kumi, akasema tisa, akaliona ua likifunguka, likawa jeupe, likawa na sauti ya maji. Na huo ndio usingizi pekee katika miaka miwili ambamo hakukuwa na kitu chochote, wala mtu.

Alipoamka, wifi alikuwa ameinama juu yake. "Sema kitu."

Kipaza alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa pumzi yenye mchanga.

"Usiseme kitu," alisema wifi haraka, uso umembadilika.

Daktari wa upasuaji alipita jioni. Haragwe limetoka, kalsiamu imeshaanza kushuka. Sauti, alisema, mshipa haukukatwa, aliuona kwa macho yake, umeshtuka. Wasubiri. Wifi aliomba kuonyeshwa hiyo tezi, akaambiwa imepelekwa maabara, kubwa kama ncha ya kidole kidogo. "Ndogo hivyo?" alisema, na alionekana amedhulumiwa. Kesho yake midomo ya Kipaza ilianza kufa ganzi na vidole vikachezacheza kama vimekaliwa na siafu. Muuguzi akaja mbio na vidonge. Vilikuwa vya kalsiamu. Mifupa iliyonyang'anywa muda mrefu, alieleza, sasa inanyakua yote kwa pupa. Wifi alisoma pakiti mara mbili, akauliza kama hospitali nzima ina akili timamu.

Waliporudi nyumbani, mambo yalianza kuonekana. Hilo ndilo neno. Siku ya tano Kipaza aliamka akaona ukuta wa chumba una ufa mwembamba unaoanzia kwenye swichi, na akajua ulikuwapo siku zote. Alisikia cherehani kama cherehani, kwa meno yake yote. Kiu iliisha kwa wiki moja. Alikula mkate, akasema una chumvi, akala tena. Mapaja bado yaliuma, jiwe jingine dogo lilikuwa bado limejificha kwenye figo ya kulia na daktari akasema wataliangalia tu. Lakini asubuhi alisimama kutoka kitandani bila kujadiliana na miguu yake.

Sauti ilikaa wiki saba bila kurudi. Alifanya kazi dirisha la tiketi, akiandika majibu kwenye karatasi, na wapagazi, ambao hawana adabu, wakampa jina jipya, Bubu. Wiki ya nane ilianza kutoka, nzito, ya chini, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila sentensi. Alipojaribiwa kwenye kipaza sauti, abiria mmoja aliuliza ni bwana gani huyo anayetangaza. Mkuu wa stesheni alisema inafaa. Haikuwa ileile. Alilala nayo, akaamka nayo, akaizoea kama mtu anavyozoea viatu vya mwingine.

Mchana, baada ya zamu, alijinyoosha kwenye kochi na pazia limeshushwa nusu. Alingoja. Alifumba macho, akasikia mtu akiuza ndizi barabarani, akasikia friji. Mwili wake ulikaa juu, mwepesi, haukuzama popote. Akakaa hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na wiki ya pili.

Wifi hakuuliza kwa muda mrefu. Siku alipouliza alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni.

"Hajaja?"

"Hajaja."

"Hata kwa mbali?"

Kipaza alitikisa kichwa, na hapo, bila ukungu wa kumkinga, kifo cha mumewe kikamfikia kana kwamba ni cha asubuhi hiyo. Alilia kwa sauti yake mpya, ambayo hakuwahi kuisikia ikilia. Ilikuwa kama ya mnyama mkubwa. Wifi alikuja akakaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, akaushika mguu wake, naye akalia. Hawakubembelezana. Jua lilihama kutoka kwenye zulia hadi kwenye ukuta.

Walipotulia, wifi alijifuta kwa ncha ya tepu. "Wewe ulimpata akiwa mtu mzima," alisema. "Ana nyundo, ana maneno. Ulijua kwamba alikuwa anaogopa kuku?"

"Nani?"

"Kaka. Mpaka anaingia darasa la nne. Kulikuwa na jogoo mmoja, mwekundu, mbaya kama deni. Kaka hatoki nje mpaka mimi nitangulie na ufagio. Na mimi ndiye mdogo!"

Kipaza alifunua macho yaliyovimba. "Mbona hakuwahi kuniambia?"

"Angekuambia vipi, na wewe anataka kukuoa? Sasa sikiliza. Siku moja mama alimtuma dukani, na jogoo yuko wapi? Yuko mlangoni kabisa, amekaa kama askari. Kaka akaniita, nikakataa, nilikuwa nimenuna, sikumbuki kwa nini. Basi akapanda dirishani..."

"Dirisha lipi?"

"La chumba cha mama. Dogo hivi. Mguu mmoja nje, mmoja ndani, na suruali imenasa kwenye komeo," alisema wifi, na alikuwa ameshaanza kucheka kabla hajafika mbele, na Kipaza aliinuka akakaa vizuri ili asikie.